Usiku Huu Zamu ya Nani?

Saa nane za usiku, nyumbani kwetu Wete, kisiwani Pemba, watu wazima wawili hushindana kukoroma. Usingizi hakuna hapo. Mtoto ameshaanza kupiga kelele, na kila mmoja wetu anataka mwenzake aamini kuwa hajasikia kitu. Mke wangu ana kipaji kunishinda: hutia na mguno mdogo wa mtu aliye ndotoni, akageukia ukutani, akajifunika kanga gubigubi. Mimi koromo langu huishiwa pumzi mapema, nikajikuta nimeshasimama, napapasa kandambili gizani.

Bwana mdogo ana mwaka mmoja na ushei. Mchana ni mtoto wa kuazimwa: anacheka na kila mtu, anakula bokoboko bila kushurutishwa, na wapita njia humsifu mpaka bibi yake anatema mate pembeni kumkinga na jicho. Jua likizama, anabadilika. Na tuelewane, simzungumzii mtoto anayelia. Kilio kina hoja. Ukikipa maji au ziwa la mama, kinakwisha. Huu ni ukelele, unaanzia juu moja kwa moja, hauna utangulizi. Nyumba yetu ni ya bati na haina dari, kwa hiyo sauti hupanda juu ya ukuta, ikateremkia chumba cha pili, ikatoka kwa jirani kabla mimi sijaufikia mlango.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa umri huu alale saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Niliposoma hayo nilichukua kalamu nikapiga hesabu, na wallahi mwanangu hana makosa. Saa zote anazitimiza. Ila anazitoa kwa mafungu, kama mtu anayelipa deni la duka: nusu saa hapa, robo saa pale, na fungu kubwa analilipa saa nne za asubuhi, wakati mimi niko skuli nasinzia juu ya daftari la mahudhurio. Darasa langu la tano limepata nidhamu ambayo hata mkuu wa skuli ameisifu. Hajui kuwa wanafunzi wananyamaza ili wasiniamshe.

Tuseme kweli pia kwamba Pemba yenyewe haimsaidii mtu kulala. Nyuma ya dirisha letu kuna mshelisheli, na mshelisheli una wateja wake. Popo wa Pemba, wale wakubwa ambao hawapatikani pengine popote duniani, waliwahi kupungua karibu ya kumalizika, wakahifadhiwa pale Kidike na kwengineko mpaka wakarudi kwa maelfu. Nawapongeza wote waliofanya kazi hiyo. Naomba tu wajue kwamba popo hao hula usiku, na hawajui kula bila kugombana. Wakiondoka wao, anaanza kihodi, bundi mdogo ambaye naye ni wa kisiwa hiki tu. Kihodi akinyamaza, jogoo wa jirani ameshakosea saa. Hapo umeme ukikatika, feni inasimama, na bwana mdogo anafungua macho feni haijamaliza hata kuzunguka. Huo umeme unatufikia kwa waya uliotoka Tanga, zaidi ya kilomita 70, uliolazwa chini ya bahari mwaka 2010. Kila nikiufikiria naona ndio kitu pekee ninachokijua kilicholazwa kikalala.

Chandarua nacho kina kisa chake. Mtoto aligundua kwamba akikishika kwa mikono miwili anaweza kukipanda. Usiku mmoja alikipanda kweli, kikashuka pamoja na misumari na vipande vya ukuta. Niliingia kumwokoa bila kuwasha taa. Mke wangu alipomulika kwa simu alitukuta mume na mtoto tumenasa pamoja, mmoja anapiga ukelele na mwengine anaomba mkasi. Alicheka kwanza. Mkasi ulikuja baadaye.

Mtoto akipiga kelele usiku katika mtaa wa Kipemba, asubuhi hukosi madaktari. Mama mkwe aliamua kuwa ni zongo: kuna mtu amemtazama mtoto akamtamani. Jirani wa kulia alisema ni chango. Jirani wa kushoto, mwenye watoto wengi na kwa hiyo mwenye sauti kubwa, alisema ni meno tu. Shangazi yangu alitaka kujua kama tumesikia bundi juu ya paa, maana kuna babewatoto, yule bundi anayeaminiwa kuwadhuru watoto. Nikamwambia bundi tunamsikia kila usiku, anakaa kwenye mshelisheli, ni mpangaji wa kudumu. Akatikisa kichwa, akasema, “Umeona basi!”

Dawa zikaanza. Tulimfunga mvuje mkononi. Mvuje, kwa asiyeujua, unanuka kiasi cha kumfukuza kila kiumbe mwenye pua, na katika chumba kile wenye pua tulikuwa sisi wazazi. Mtoto aliuzoea siku ile ile, akawa anaulamba. Tukafukiza udi na uvumba, tukakohoa mpaka alfajiri, watatu kwa sauti moja. Halafu mzee mmoja mcha Mungu akatuandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, tukalifuta kwa maji mawaridi ili mtoto anywe. Ilikuwa Ijumaa, nimeshavaa kanzu. Mtoto alikunywa funda moja, akafikiri kidogo, kisha sahani yote akanimiminia kifuani. Msikitini, kila aliyenipa mkono aliangalia lile doa la manjano, na mmoja akaninong’oneza kwa masikitiko: “Mwalimu, biriani ilikuwa kwa nani, mbona hatukualikwa?”

Mwandishi wa Kiingereza, Evelyn Waugh, alipita Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1930, akaandika kwamba wanagenzi wa uchawi huja Pemba kuhitimu kutoka Maziwa Makuu, na yasemwa hata kutoka Haiti. Kama ni kweli, basi tuna chuo kikuu cha miaka mingi, na katika maprofesa wote hao hajapatikana hata mmoja wa kumlaza mtoto wa mwaka mmoja.

Na sifa hiyo ya kisiwa ilikuja kunigusa mimi mwenyewe. Usiku mmoja wa joto nilimtoa mtoto uani, nimejifunga kikoi tu, kifua wazi, miguu mitupu. Nikawa nauzunguka mshelisheli taratibu huku nikimnong’oneza maneno ya kumbembeleza. Jirani yetu mvuvi alikuwa anarudi pwani. Alisimama, akazima tochi, akapita njia nyengine. Asubuhi nilipofika sokoni, muuza samaki alinivuta kando, akaniambia nimfunge mtoto hirizi na niwahi kufunga milango, kwa sababu kuna mtu anawanga nyuma ya nyumba yangu. “Tena,” akasema, “ana mtoto wa watu mkononi.” Nilimshukuru, nikanunua changu wawili, nikaondoka. Ningemwelezaje?

Hapa kwetu jambo la usiku haliwi dogo. Mwaka 1995, habari za popobawa, lile zimwi la usiku, zilipoenea Pemba, kabla hazijavuka kwenda Unguja na Dar es Salaam, watu walitoka na mikeka yao wakalala nje kwa makundi, wanakeshana. Wazee wakisimulia mwaka ule, sauti zinawashuka. Mimi siku hizi nawasikiliza kwa wivu. Mtaa mzima macho, na hakuna aliyekesha peke yake! Popobawa wangu ana kilo kumi, anajulikana kwa jina na nyumba anayokaa, na kila usiku ananikuta mimi tu.

Mtu mmoja alinishauri gari. Mtoto yeyote, alisema, akisikia injini analala. Jumamosi moja nikapanda naye daladala ya 606 kwenda Chake Chake, bila shughuli yoyote huko. Kweli bwana, hatujatoka hata mjini, ameshalala. Nikayatazama mashamba ya mikarafuu yakipita, nikajiona mtu mwenye akili. Tukafika Chake, dereva akazima injini. Ukelele uliofuata uliwafanya watu wa kituoni wadhani kuna aliyekanyagwa. Abiria nao wakaanza. Wa kwanza aliuliza, “Mama yake yuko wapi?” Wa pili alisema njaa. Wa tatu alisema ni chango, nimpake mafuta ya nazi kitovuni. Utingo akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia narudi Wete. “Si ndo kwanza umetoka?” Nikalipa nauli nikanyamaza.

Safari ya kurudi, alikaa kando yangu bi mkubwa mmoja mwenye buibui lililochakaa na pakacha la muhogo. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, macho yangu mekundu kama yalivyo. Hakuuliza meno wala bundi. Alisema tu, “Hebu nipe nimpakate.” Akamweka begani, akawa anampigapiga mgongo polepole. Baada ya hapo sijui kilichotokea, mpaka utingo aliponigusa: “Mwalimu, mwisho wa gari.” Kichwa changu kilikuwa juu ya pakacha, na bi mkubwa alikuwa amekwishapita kwao zamani. Nikamwomba radhi, nikamuuliza kwa nini hakushuka. “Ningeshukaje, baba? Huyu kanilalia mimi, na wewe umelalia muhogo wangu.”

Nilimlipia nauli ya kurudi. Hakunipa dawa hata moja, na yeye ndiye aliyetulaza sote wawili.

Kisha tukaenda kituo cha afya, kwa sababu mke wangu alisema kama hata madaladala tumeyamaliza, basi kilichobaki ni hospitali. Muuguzi hakushangaa. Aliuliza kuhusu masikio, magego yanayoota, homa, minyoo, na kama mtoto anapumua kwa shida akiwa amelala. Akatueleza pia kuwa wako watoto wanaoweweseka: wanapiga ukelele macho wazi huku wamelala, asubuhi hawakumbuki kitu, na hao hawafai kutikiswa wala kumwagiwa maji, ni kukaa nao tu wasijiumize. Halafu akamchoma kidole kupima damu. Mtoto alipiga ule ukelele wa saa nane za usiku, na foleni yote nje ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza niliona fahari: nimepata shahidi.

Sababu ya kupima damu ni hii, na inatuhusu sisi hasa. Watafiti waliwauliza akina mama wa Pemba kuhusu usingizi wa watoto wao wa miezi 6 hadi 18. Wakawauliza pia akina mama wa Nepal, nchi isiyo na bahari wala karafuu. Majibu, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalifanana pande zote mbili: mtoto aliyepungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma hulala saa chache usiku na huamka mara nyingi zaidi. Mwaka 2009 ikatoka ripoti ya pili: watoto waliopewa madini hayo walilala zaidi. Na chuma kwetu kina adui wa siku nyingi, yaani safura na minyoo wenzake, ambao maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi imekuwa ikiwachunguza tangu ilipofunguliwa mwaka 2000.

Lakini usikimbilie dukani. Utafiti mwengine mkubwa uliofanywa hapa hapa Pemba, uliotoka katika jarida la The Lancet mwaka 2006, uliwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki bila kuchagua nani anahitaji. Wakati huo malaria ilikuwa nyingi, na waliopewa waliugua sana au kufa zaidi kuliko wasiopewa, hata sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa kabla ya wakati. Ndiyo maana muuguzi anapima kwanza, halafu ndipo anatoa.

Wetu alikutwa na damu nzuri, masikio safi, minyoo hana. Ana magego yanayochomoza, hivyo jirani wa kushoto ameshinda na anataka kila mtu ajue. Lililobaki, alisema muuguzi, ni mazoea: alale saa ile ile kila siku, asilale jioni, chumba kiwe na giza, na akiamka usiku asichezeshwe, maana akiona sherehe atarudi kesho. Tunafuata. Amepunguza, hajaacha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikutana na mzazi mwenye macho mekundu na doa la zafarani kifuani, usimuulize kama amejaribu mvuje. Ameujaribu. Mhimize ampeleke mtoto akapimwe, na asinunue dawa ya damu kwa kubahatisha. Ukimaliza kusema hayo, nyoosha mikono, mchukue huyo mtoto, ukakae naye barazani kwako hata saa moja, mzazi alale. Ushauri tunao wa kutosha mpaka mtoto aoe. Tulichopungukiwa ni watu wa kumpakata.