Ombi la Leseni ya Kutokopa

Kwa Gavana,
Benki Kuu ya Tanzania.

YAH: OMBI LA KUSAJILIWA TAASISI ISIYOKOPA

Mheshimiwa Gavana,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Sisi ni wakazi wa Robanda, wilayani Serengeti, jirani na lango la hifadhi la Fort Ikoma. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga watoa huduma katika madaraja manne: wanaopokea amana, wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Kila anayetaka kutukopesha ana daraja lake na fomu yake. Asiyetaka kukopa hana daraja, hana fomu, na mtaani anahesabiwa mshamba. Tunaomba Daraja la Tano.

Kwanza pokea pongezi zetu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tulishangilia, kisha tukakumbuka kwamba kausha damu wetu, mkopeshaji wa mtaani, hana programu. Ana pikipiki. Anajua nani ana mbuzi wangapi. Kadi ya benki ya mwalimu aliyemkopa anajua ilipo kwa sababu imo kwenye begi lake kama dhamana, pamoja na namba ya siri.

Kwake ukichukua 100,000 unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26, jumla 130,000. Tunafahamu kwamba ukomo wa riba mliouweka kwa Daraja la Pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata yeye anaufahamu na anautii kikamilifu: riba yake ni 3,500. Zinazobaki ni ada ya fomu, ada ya usimamizi, bima ya mkopo, na mafuta ya pikipiki ya kukufuata.

Rejesho la kila siku lilitungwa na mtu anayeuza nyanya Kariakoo. Hapa pesa ina msimu. Nyumbu wakifika, wageni hufika, na kijana anayefanya kazi kwenye kambi ya watalii hupata mshahara na bakshishi. Mvua za Aprili na Mei zikishika, baadhi ya kambi hufungwa na kijana hurudishwa nyumbani; rejesho halina likizo. Mwaka 2020 wageni walipokatika kwa korona, deni halikuvaa barakoa.

Shambani nako kuna tembo. Waikoma tumemheshimu tembo tangu enzi za mababu, ila yeye heshima hiyo hajaifikisha kwenye mahindi yetu. Serikali hutupa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, na kadiri shamba lilivyokaribia hifadhi ndivyo malipo yalivyopungua. Yaani aliye karibu na tembo ndiye aliyedhaniwa kuwa amezoea. Wakati jasho likisubiri kufutwa, mwenye pikipiki ameshafika.

Lakini tusimsingizie tembo kila kitu. Tembo hakununua sofa. Tembo hakushona sare ya sendofu ya mtoto wa jirani, wakati sare ya sherehe iliyopita bado inanukia duka, kwa sababu ukiivaa tena kamati nzima itakutazama miguuni mpaka kichwani. Hotpoti zinaletwa mlangoni kwa mali kauli, na aliye na tatu anashauriwa kwamba seti ni sita. Simu ya mkopo ndiyo yenye msimamo kuliko sisi sote: usipolipa inajifunga, inakaa mezani na picha zako zote ndani. Tukibanwa tunakopa VICOBA kumlipa kausha damu. Desemba ya kuvunja kikundi ikikaribia, tunakopa kwa kausha damu kurejesha VICOBA. Tunadhani huo ndio wataalamu wenu wanaouita mzunguko wa fedha.

Masharti ya Daraja la Tano ni mepesi. Sare ya sherehe zote itakuwa nguo safi. Anayetaka sofa atamtaja mgeni aliyewahi kukataa kukalia kigoda chake. Bidhaa yoyote ya mali kauli italala kwa muuzaji hadi mwisho wa mwezi, na aliyeisahau atahesabiwa amepata faida. Mtaji tunao: sanduku la kufuli tatu, ambalo likiachwa kwa ajili ya ada za shule na ugonjwa linatosha.

Leseni ikichelewa tutaelewa, hatuna haraka kama wenye mikopo. Wakati tukisubiri tunaomba mambo mawili. Mkopeshaji alazimishwe kuandika ukutani kwake, kwa Kiswahili na kwa shilingi, jumla yote utakayorudisha, ada zikiwemo. Na mumtume afisa mmoja Robanda siku ya marejesho, asije na gari lenye namba za serikali, akae dukani kama mteja, alifungue lile begi na kuzirudisha kadi za benki kwa wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Waombaji wa Daraja la Tano,
Robanda.