Hongera, Kazi Imekamilika

Vyombo vingi vya nyumbani vikikaribia kufa hutoa taarifa. Feni huanza kukwaruza, pasi hunuka waya, friji hunguruma usiku hadi mtoto aamke. Memori kadi haina desturi hiyo. Yenyewe hufa huku inaitikia. Ukiiandikia, inapokea, ukiifuta, inakubali, ukiiuliza ukubwa wake, inakutajia namba nono bila kupepesa macho. Kompyuta nayo, kwa kuwa haipendi ugomvi na mtu, inakuletea kidirisha cha pongezi.

Likizo ya Desemba iliyopita nyumba yetu ilipata pongezi nyingi sana. Chanzo ni kiboksi cha Android kinachokaa chini ya televisheni. Zamani kilikuwa chepesi, lakini siku hizi ukikiwasha unaweza kwenda kununua mkate na kurudi. Waliokitengeneza wameshakisahau, hakipati masasisho, na skrini yake ya mwanzo imejaa matangazo ya vitu ambavyo hakuna mtu humu ndani aliyeviulizia. Nasi hatukutaka makubwa. Tulitaka kicheze video za familia zilizo kwenye hadi diski, hasa ile ya harusi ya shemeji yangu, ambayo mama mkwe huitazama kila akija kututembelea, na kila akiitazama hupata mtu mpya wa kumsema.

Mpwa wangu, aliyekuja kwetu kula likizo ya chuo, akasema dawa ipo. Kuna mfumo unaitwa CoreELEC, unatolewa bure, uliochipuka mwaka 2018 kutoka kwenye mwenzake LibreELEC kwa ajili ya vifaa vyenye chipu za Amlogic, na kiboksi chetu kina chipu hizo. Ukiwasha tu inafunguka Kodi, programu ya kuchezea video, unachagua video, unatazama. Tena mfumo wote unakaa kwenye memori kadi na Android ya ndani haiguswi; chomoa kadi, kiboksi kinarudia uzee wake. Kwa sharti hilo mke wangu akatoa kibali.

"Dakika kumi tu, mjomba," kijana akaniambia.

Shemeji, kaka wa mke wangu, akajitolea kununua kadi. Ni mtu wa ofisini, na hilo ni muhimu katika habari hii. Karatasi ikifika mezani kwake haiondoki bila sahihi, na kidirisha kikitokea kwenye skrini hakiondoki bila kubofywa. Alirudi na kadi ya GB 32 kwa shilingi elfu kumi, imefungwa kwenye karatasi inayong'aa, ina maandishi mengi ya dhahabu. Akaichomeka kwenye laptopu, akasoma, akakunja uso. Kompyuta ilikuwa imeandika 29.8.

"Tumepunjwa," akasema. "GB mbili na ushee zimeliwa."

Mpwa wangu akamweleza taratibu: mwenye kiwanda anahesabu gigabaiti kwa bilioni kamili, Windows inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, kwa hiyo bilioni 32 za mwenye kiwanda zikifika kwa Windows zinakuwa 29.8. Hakuna aliyeiba. Shemeji alisikiliza kwa heshima yote, halafu akaitia risiti kwenye pochi. Tangu hapo kila mazungumzo yalirudi kwenye zile GB mbili.

Sasa, imeji. Hili ni faili moja lililobeba diski nzima: jinsi diski ilivyogawanywa, mahali mashine inapoanzia kuwaka, mfumo wenyewe, kila kitu mahali pake. Halinakiliwi kwenye kadi namna tunavyonakili nyimbo za kwenye gari. Linaandikwa na programu maalumu kuanzia sekta ya kwanza ya kadi, na chochote kilichokuwepo kinakwenda na maji. Lakini wakati mpwa wangu yuko kwenye simu na mtu ambaye hatukuruhusiwa kumuuliza ni nani, shemeji alilishika lile faili, likiwa bado limebanwa, akaliburuta mpaka kwenye kadi, akaliachia. Kompyuta ikalihamisha bila neno. Kiboksi kilipowekewa kadi hiyo kikafungua Android yake kama siku zote, na matangazo yake.

Kijana akairudia kazi kwa balenaEtcher, programu inayoandika imeji kisha ikairudia kuisoma kuhakikisha kilichoandikwa ndicho. Ikamaliza, ikapongeza. Pale pale Windows nayo ikainuka. Kadi hiyo sasa ilikuwa na sehemu mbili: moja ya FAT32, ambayo Windows inaijua, na nyingine ya ext4, ya kilinuksi, ambayo haiijui kabisa. Na Windows ikikuta kitu isichokijua haisemi sikijui. Inasema kwa upole kwamba diski hii lazima iformatiwe kabla ya kutumika, na kitufe cha kukubali kipo hapo hapo, kimekaa kihalali. Kwa maoni yangu kidirisha kile kimeua kazi nyingi za watu kuliko virusi. Shemeji alikuwa anapita kutoka jikoni na kashata mkononi. Aliona kuna ombi halijajibiwa.

Alipotoka kuoga, mpwa wangu aliandika tena imeji, kisha akabandika karatasi juu ya kipanya: HAKUNA KUBONYEZA.

Kilichofuata ndicho kilichomfanya mama mkwe asituelewe mpaka leo. Kiboksi cha namna hii hakiendi kusoma kadi kwa kuwa tu umeiweka. Lazima kiamshwe kwa batani, na batani hiyo imefichwa ndani kabisa ya lile tundu la AV, la waya za njano, nyekundu na nyeupe, ambalo siku hizi hakuna anayelitumia. Haifikiwi kwa kidole. Inafikiwa kwa kijiti cha meno. Unakiingiza mpaka usikie mlio mdogo wa tik, unaendelea kubana, huku umebana hivyo unachomeka umeme, unangoja picha ibadilike kwenye televisheni, ndipo unaachia. Kazi hiyo inataka mikono mitatu, na kwetu inataka pia mwili mwembamba, kwa sababu soketi ya umeme iko nyuma ya kabati.

Basi nilikuwa nimelala kifudifudi, mkono mmoja nyuma ya kabati nimeshika plagi. Mpwa wangu amepiga magoti, ulimi nje, anachokonoa tundu. Shemeji amesimama katikati ya sebule anatazama skrini na kutangaza: "Bado... bado... nyeusi... bado." Vijiti vilivyovunjika vimetapakaa kwenye zulia. Mama mkwe akaingia.

"Shikamoo, mama," nikasema kutoka sakafuni.

"Marahaba, mwanangu." Akatutazama mmoja mmoja. "Mnamchokonoa nani?"

Tukamweleza. Akasema vijiti vile ni vya mezani, tena vya wageni, akakusanya vilivyobaki akaenda navyo chumbani kwake. Kuanzia hapo tuliomba kimoja kimoja.

Batani ilikuwa inaitika, ila skrini inabaki nyeusi. Hapo tukagundua kwamba hata kiboksi chenyewe si mkweli. CoreELEC inahitaji kuambiwa imeingia kwenye mashine ya aina gani, na inaambiwa kwa faili dogo la dtb: kwenye kadi kuna folda yenye mafaili hayo mengi, unachukua linalolingana na chipu yako na kiasi cha RAM, unalitoa nje ya folda, unalipa jina dtb.img. Chini ya kiboksi chetu pameandikwa RAM GB 2. Mipangilio ya Android nayo inasema 2. Mpwa wangu akaweka faili la 2, giza. Akaweka la 1, nembo ya CoreELEC ikatokea, sebule ikalipuka kwa makofi. Miaka yote hiyo tumekuwa tukikilaumu kiboksi kwa uvivu, kumbe kinabeba mzigo wa wawili.

Makofi hayakudumu. Mfumo ukisha kuwaka mara ya kwanza huitanua ile sehemu ya pili ya kadi ijaze nafasi yote iliyobaki. Ukatangaza kwamba unatanua, ukajizima ili uwake upya, na haukuwaka.

Mpwa wangu alikaa kimya, kisha akaniuliza kadi imenunuliwa wapi. Shemeji akajibu kwa haraka kwamba ni duka zuri, lina feni. Kijana akafungua programu ndogo inaitwa H2testw, kazi ya Wajerumani. Hata dirisha lake linakuuliza unataka Kijerumani au Kiingereza. Haiamini chochote kadi inachosema kuhusu ukubwa wake. Inaijaza mafaili mpaka juu, halafu inasoma yote upya kuona yapi yamerudi kama yalivyokwenda. Ni kazi ya saa nyingi. Tulikula, tukalala, tukaamka. Asubuhi matokeo yalikuwa kwa rangi nyekundu: zilizorudi salama hazikuzidi GB 8. Nyingine zote hazikuwahi kuwepo. Ndani ya kadi kama hiyo kuna chipu ndogo, na kidhibiti kilichofundishwa kutaja namba ya kwenye lebo; data ikipita mwisho wa chipu inatupwa, au inarudi kuandikwa juu ya ile ya mwanzo. Mfumo wetu ulikuwa umetanuka mpaka kwenye ardhi ambayo haipo.

Shemeji alilisikiliza hilo nalo. "Kwa hiyo," akasema, "zile GB mbili nilikuwa sahihi."

Hakuna aliyekuwa na nguvu za kumjibu.

Mke wangu akakumbuka kadi ya simu yake ya zamani, GB 16, halisi kabisa, imekaa kwenye droo pamoja na funguo zisizojulikana za milango gani. Ilikuwa na picha za kitchen party ya mdogo wake, tukazinakili kwanza kwenye laptopu. Kulikuwa na picha moja aliyoichukia tangu siku ilipopigwa: anacheka, ameshika paja la kuku, kilemba kimeteremka mpaka kwenye nyusi. Akataka hiyo isinakiliwe. Akaifuta kwa mkono wake, kisha mpwa wangu akaiformati kadi yote. Imekamilika. Tukaichomoa, tukairudisha.

Picha zote zilikuwepo. Paja la kuku la kwanza.

Tukaformati tena. Kadi ikaonekana tupu, safi. Tukaichomoa, tukairudisha: kilemba, nyusi, kuku. Tukakishuku kile kidude cha kufungia kilicho ubavuni mwa adapta, shemeji akakisukuma juu, akakishikiza kwa selotepu. Lakini kidude kile angalau ni kikweli. Kikiwa kimefunga, kompyuta inakwambia wazi kwamba kadi imezuiwa kuandikwa. Hapa hakuna aliyezuia kitu. Balena ikaandika imeji mpaka asilimia 100, ikaanza kuhakiki, ikasimama na kusema kilichomo sicho ilichoandika. Katika likizo nzima huo ndio uliokuwa ukweli wa kwanza kutoka kwa mashine bila kulazimishwa, na mtu anayeruka hatua ya kuhakiki ili kuokoa dakika tatu mimi simwelewi.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote huo.

"Mmeifuta?"

"Tumeifuta, mama."

"Na imerudi?"

"Imerudi."

Akarudi nyuma hatua moja. "Hiyo msilale nayo humu ndani."

Fundi simu wa kona ya mtaa alitupa maelezo ya dunia hii. "Hiyo imejifunga, mzee wangu. Imechoka." Seli za kadi huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa. Zikichakaa sana, baadhi ya vidhibiti huamua kulinda kilichomo na kukataa kingine chochote. Kwa bahati mbaya hukataa kimyakimya: amri inapokelewa, data inamwagwa, na kompyuta inakuonyesha picha ya kumbukumbu yake yenyewe, kadi ikiwa tupu, mpaka uichomoe ndipo uone ukweli. Fundi alisema itupwe. Mke wangu alikubali mara moja, kisha mama yake akambadilisha mawazo. Mwanamke yule alikuwa ameshalifikiri jambo: katika nyumba ambayo wajukuu wamefuta picha za babu yao kwa kuchezea simu, kitu kisichofutika kina kazi. Kikahamishiwa kwenye kopo la vifungo, pamoja na paja la kuku.

Kadi ya tatu nilinunua mwenyewe, duka jingine, kwa bei iliyonifanya niulize mara mbili. H2testw ikaipitisha yote. Imeji ikaandikwa, ikahakikiwa, dtb ikawekwa ya GB 1 licha ya lebo, kijiti kikaombwa chumbani kwa barua, na kiboksi kikawaka, kikatanua, kikajizima, kikawaka tena. Bibi harusi akaingia ukumbini bila kukwamakwama, na mama mkwe akaanza na mshereheshaji, suti aliyovaa na aliyemwazima.

Shemeji hakuwa amekaa nasi. Alikuwa amekwenda na risiti yake kule dukani kudai haki, na alirudi jioni akiwa na uso wa mtu aliyeshinda rufaa. Hawakubishana naye hata kidogo, alisema. Wamemwomba radhi kwa zile GB mbili, wamechukua kadi ya zamani, wamempa nyingine bila kuongeza hata shilingi. Akaiweka mezani, ina maandishi ya dhahabu kuliko ya kwanza.

Ya GB 512.

Mpwa wangu aliisogeza laptopu, akachagua Kijerumani kwa kujifurahisha, akabonyeza kuanza, kisha akaenda kumuuliza shangazi yake kama kuna kiporo.