Jinsi ya kutenganisha taa za korido bila kumwita fundi

Korido yako ina taa mbili na swichi moja. Ukiwasha ya mlangoni, ya chooni nayo inawaka. Ukizima ya chooni, mgeni anabaki anapapasa viatu vyake gizani. Mmeishi hivyo miaka kwa amani. Leo umeamua kila taa iwe na swichi yake, na sababu unayoitoa mbele ya familia ni LUKU: uniti zinaisha. Usipige hesabu. Balbu ya LED ya wati 9 inahitaji zaidi ya saa 100 kumaliza uniti moja. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja, ila mashati yanayopigwa pasi humo ndani ni ya kwako. Pasi tuiache.

Anza kwa kumwita fundi umeme akutajie bei, ili upate hasira. Bila hasira kazi hii haianziki. Ataangalia dari, atafyonya kidogo, atataja. "Kwa swichi tu, fundi?" Mwambie utampigia.

Nenda duka la vifaa vya umeme ukaombe swichi ya geng mbili kwa sauti ya mtu aliyezoea. Muuzaji atauliza: wani wei au tu wei? Unayohitaji ni wani wei, kila kibonyezo na taa yake. Tu wei ni ya ngazini, ile ya kuwasha chini ukazima juu, na nyuma kila kibonyezo kina matundu matatu. Wewe utajibu "tu wei", kwa kuwa mbili ni nyingi kuliko moja. Itafanya kazi pia, tundu moja moja likibaki wazi kukukumbusha.

Zima meni swichi. Hapa sitanii: zile ni volti 230, kwa hiyo zima, kisha pima kila waya kwa testa hata kama umezima kwa mkono wako mwenyewe. Mweke mtoto alinde meni. Asiwe yule anayesubiri katuni.

Sasa fungua swichi ya zamani. Ulitarajia nyaya nne, utakuta mbili: mmoja unaleta moto, mwingine unapanda darini. Taa hazikugawanywa ukutani. Moto unafika taa ya kwanza, na palepale unarukia ya pili. Ndiyo kusema swichi uliyonunua, pamoja na uzuri wake, haitenganishi chochote. Inabidi uukate ule mruko kule juu, halafu uvute waya mpya wa 1.5 kutoka swichini hadi taa ya pili kupitia bomba la ukutani. Nyutro huigusi, taa zote zinaitumia. Kusoma haya ni nusu dakika. Kuyafanya ni Jumamosi nzima, maana bomba lilikunywa saruji siku ya plasta.

Rangi zisikudanganye. Kwa mtindo wa zamani nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Kwa mpya ni kahawia na bluu. Kwa nyumba yako, ni roli lolote lililokuwa limebaki siku ile.

Saa moja usiku, rudisha meni ubonyeze kwa madaha. Kibonyezo cha kwanza: kimya. Cha pili: taa zote mbili zinapepesa kama macho ya mlinzi alfajiri. Umezifunga kwa mfuatano, zinagawana zile volti kama watoto wawili wenye soda moja. Mama watoto atapita na tochi ya simu, bila kusema neno. Afadhali angesema.

Jumapili mpigie yule fundi. Bei itakuwa imepanda. Atapanda ngazi, atachungulia, atafyonya, safari hii kwa kirefu.

"Mzee, fundi gani alikufungia hivi?"

Tikisa kichwa kwa masikitiko. Mwambie ni fundi mmoja wa zamani, na siku hizi hapokei simu.