Taa ya Kumwagilia Maji
Uhandisi jeni, yaani ufundi wa kukata vinasaba vya kiumbe kimoja na kuvipachika ndani ya kingine, umeahidi kwa muda mrefu kwamba bidhaa za kiwandani siku moja zitaota bustanini, na mwaka 2013 kundi moja la Marekani lilichangisha kwa njia ya intaneti dola zaidi ya 480,000 kutoka kwa watu walioahidiwa mbegu za mmea wa kung'aa gizani, huku miti ya kurithi kazi ya taa za barabarani ikitajwa kuwa ndoto ya baadaye. Kufikia 2017 mradi ulikuwa umekwisha, mbegu hazikufika, na faraja ya wachangiaji ni kwamba hawakuletewa bili ya umeme. Mwaka 2024 hatimaye iliuzwa petunia, ua lililopachikwa vinasaba vya uyoga unaong'aa, na matumba yake kweli hutoa nuru ya kijani, mradi mtazamaji azime kwanza taa zote, kisha angoje macho yazoee giza. Mmea wenyewe hudai maji na jua, wala hauna swichi. Kwa anayetaka kusoma usiku, kibatari bado hakijapata mpinzani.