Pilau ya Idi Mbili

Kwetu Magomeni mwezi huandama mara mbili. Kaka anafuata mwezi wa kimataifa: Saudia wakitangaza, kesho yake ni kanzu, marashi na msikitini. Shangazi anasubiri Mufti atangaze redioni. Mwaka huu mmoja kaamkia takbira, mwenzake kaamkia daku.

Shangazi ana hadithi yake ya Kuraib, aliyetoka Sham na habari kwamba kule mwezi umeonekana usiku wa Ijumaa, na Ibn Abbas pale Madina akakataa kuifuata. Kaka anasema amri ya kufunga kwa kuuona mwezi waliambiwa Waislamu wote. Hoja zote mbili ni za wanazuoni, za karne na karne. Hapa kwetu hakuna anayesikiliza. Kila mmoja anangoja mwenzake avute pumzi.

"Mnafunga siku ya Idi, haramu!"

"Na nyinyi mnakula Ramadhani mchana!"

Na huo mwezi wenyewe, hakuna hata mmoja aliyetoka uani jana magharibi kuutazama.

Shangazi akasema Makka ni mbali, saa zao si zetu. Nikamwambia saa ni zile zile, maana Dar es Salaam na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja, kama nyuzi 39 mashariki. Kaka akatabasamu. Nikaongeza kwamba wao wako kaskazini na sisi kusini, na hilo nalo laweza kufanya mwezi uonekane kule, huku usionekane. Tabasamu likakatika.

"Kwani wewe uko upande gani?" wakauliza kwa pamoja. Ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile.

Mama akakata shauri: sufuria moja tu ya pilau, iive alasiri, wa Idi wale, wa saumu wangoje magharibi. Shangazi akakaanga vitunguu, akatia bizari, akatia na chumvi kwa kukisia, maana amefunga. Alipokwenda kuswali, wifi yangu akaingia jikoni. Yeye angeweza kuonja, lakini kuonja kwenye sufuria ya aliyefunga aliona ni utovu wa adabu. Kuuliza hakuuliza, maana tangu asubuhi hawasemezani. Akatia chumvi yake.

Pilau ikatoka kama imepikwa kwa maji ya Feri. Tukatupia viazi, tukaongeza mchele, wapi!

"Mwenye saumu anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi, akatema," Kaka akasema.

"Hiyo fatwa ya sheikh wako," Shangazi akajibu.

Watoto hawakuwa na habari. Walishapokea hela za sikukuu kwa Kaka, na kesho wangepokea kwa Shangazi. Madhehebu yao yalikuwa mfukoni.

Jirani yetu Mama Neema, Mlutheri, akaja kuchukua sahani yake kama kila mwaka. Akaonja, akameza taratibu, akauliza ya kesho anapika nani.