Jiko Letu Liko kwa Jirani

Ubishi wa mume wangu na kaka yangu kuhusu nyumba ni mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Kaka ana nyumba ya lizi Nairobi, ile ya miaka 99 ambayo zaidi ya nusu imeshaliwa, na kila mwaka anailipa serikali kodi ya ardhi. Mume wangu alinunua yetu hapa Noonkopir: ardhi ya milele, haina kodi hiyo wala mwaka wa mwisho. "Wewe ni mpangaji tu, shemeji," alikuwa akimwambia huku akimwongezea nyama. "Mimi niko kwangu."

Makondakta wa Barabara ya Namanga wanapaita Kitengela. Ni wenyeji wa zamani tu ambao bado wanasema Noonkopir. Eneo hili lilikuwa la ranchi za pamoja za Wamaasai chini ya sheria ya 1968, na ranchi ya Kitengela ilipogawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata hati yake. Shamba likauzwa, likakatwa, likakatwa tena, hadi tukafika kwenye ploti za futi hamsini kwa mia, ambazo madalali wanaziita thumuni ya ekari. Piga hesabu uone: hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000, na thumuni kamili ni 5,445. Hizo 445 zimepotelea mdomoni mwa dalali, na hakuna anayeziulizia.

Yetu ilikuwa nyumba mpya, ya mwisho katika safu ya nne alizojenga mtu mmoja ili auze. Mawe ya kuchongwa, vigae vinang'aa, tangi la maji juu ya mnara. Wakili alifanya kila kitu kwa utaratibu. Alikwenda Kajiado kwa msajili kuchunguza hati, akakuta jina la muuzaji, hakuna deni la benki, hakuna zuio. Mke wa muuzaji alitia sahihi kwamba ameridhia. Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ikatoa kibali, maana ardhi hii bado inahesabiwa ya kilimo ingawa kinacholimwa ni sukuma wiki kwenye magunia. Ushuru wa stempu ukalipwa. Hati ikatoka kwa jina letu sote wawili, mume wangu akaitia plastiki.

Kisha akaja mwenye ploti tupu ya upande wa mashariki. Ni mama mmoja muuguzi aliyekuwa akifanya kazi Saudia, mpole, mwenye sauti ya wodini. Alikuja na mpima ardhi wake mwenye mashine ya setilaiti, kwa kuwa alitaka kuchimba msingi. Yule kijana alizunguka ua, akatazama ramani, akazunguka tena, halafu akabisha hodi akaomba kuingia ndani. Nilidhani anataka maji. Akapita sebuleni moja kwa moja mpaka jikoni, akainama kati ya meko ya gesi na sinki, akatoa kopo la rangi nyekundu na kupiga alama ya msalaba juu ya kigae.

"Mama, bikoni iko hapa," akasema, na kwa kweli aliona haya.

Futi saba za jiko letu zilikuwa kwa jirani: sinki, kabati la vyombo na dirisha zima. Meko ya gesi yalibaki kwetu, kwa hiyo kupika tulipikia kwetu na vyombo tukaoshea ng'ambo.

Baadaye fundi mmoja aliyefanya kazi pale alitusimulia kwamba lori la mawe liling'oa bikoni ya kwanza siku ya kwanza kabisa, na foromani akaanza kupima kutoka kwenye nguzo ya stima. Safu nzima ikasogea futi saba kuelekea mashariki. Muuzaji tulimpigia simu. Mteja hapatikani. Tukampigia kwa namba ya kaka. Mteja.

Msajili anapokupa matokeo ya uchunguzi, anakwambia namba fulani ni ya nani. Hakwambii namba hiyo iko wapi chini ya jua. Tena ramani ya usajili ya huku kwetu, kwa mujibu wa kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, huonyesha mipaka kwa makadirio tu, na hati yenyewe imeandikwa eneo la takriban. Nyumba ya kaka, ile ya kodi na miaka inayopungua, ina ramani yake ya upimaji yenye vipimo vya kila kona. Alipoambiwa habari hizi hakucheka. Aliomba tu aonyeshwe sehemu ya jiko iliyo ya milele.

Mume wangu alitaka kwenda mahakamani asubuhi yake. Wakili akamrudisha kitini: kifungu kilekile kinamzuia hakimu kugusa kesi ya mpaka kabla msajili hajaamua mpaka uko wapi. Hapo ndipo mume wangu alipokumbuka alichosikia kwa kinyozi, kwamba ukikaa kwenye ardhi ya mtu miaka 12 bila kusumbuliwa inakuwa yako. Sheria hiyo ipo kweli. Akatuagiza wote nyumbani tunyamaze, tusimchokoze muuguzi, tuoshe vyombo kimyakimya hadi watoto wamalize chuo.

Wiki hiyohiyo muuguzi akatuma ujumbe kwa simu: "Mama watoto, msiwe na wasiwasi. Endeleeni kutumia jiko kwa ruhusa yangu mpaka tuelewane." Mume wangu alifurahi, akasema huyu ni jirani wa Mungu. Nikampelekea wakili ule ujumbe. Alicheka mpaka akavua miwani. Miaka 12 huhesabiwa kwa anayekaa bila ruhusa ya mwenyewe. Ukishapewa ruhusa wewe ni mgeni tu, na saa haianzi hata kuhesabu. Sauti ya wodini ile ilikuwa imetuchoma sindano bila sisi kusikia.

Sikumlaumu. Oktoba 2023, hapo tu Athi River, watu walitazama matingatinga yakibomoa maghorofa kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya Portland, na wengi wao walikuwa na karatasi mikononi. Tangu hapo hakuna mtu wa upande huu anayekaa na mpaka usioeleweka. Muuguzi angeweza kudai ukuta ubomolewe. Badala yake alikuja kunywa chai, akaketi upande wake wa jiko, akasema atatuuzia kipande kile kwa bei ya soko.

Kwa hiyo tunaanza upya kwa ajili ya futi saba: mpima achore mgawanyo, bodi itoe kibali tena, ushuru ulipwe, kipande kipate namba yake kisha kiunganishwe na chetu. Ombi la kibali lisipopelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba, mkataba wenyewe unakufa, na mume wangu ameiandika tarehe hiyo kwenye mlango wa friji. Kwa muuzaji tumeandika barua ya madai ambayo hajajibu.

Msajili alikuja na mpima wa kaunti, majirani wote wakaitwa. Alama nyekundu ikathibitishwa palepale ilipo. Halafu wakapima upande wa magharibi, na ikabainika kwamba bafu la jirani wa nyumba ya tatu limo ndani ya ploti yetu futi saba vilevile. Jioni hiyo mume wangu alimtumia ujumbe wa heshima, akimruhusu aendelee kuoga.