Itaingia Tu, Mwalimu

Laptopu yangu ilifika mahali pa kuwashwa kabla ya swala ya alfajiri ili nikitoka bafuni walau iwe imeonesha saa. Kuchapa mtihani wa Kidato cha Pili ikawa kazi ya subira: unaandika "Jibu maswali yote", unanyanyua macho, kwenye kioo pamesomeka "Jibu ma". Hapo washauri wakaanza kumiminika. Mwalimu wa fizikia alisema ina virusi. Mhasibu wa shule alisema ni joto, niiweke juu ya trei ya mayai ipate hewa. Shemeji, ambaye hajawahi kumiliki kompyuta ila aliwahi kupita Dubai, alisema imechoka, niiuze wakati bado kuna watu wasioijua. Mama watoto alinitajia kijana wa jirani anayepiga Windows kwa bei ya chipsi mayai.

Haikuwa na virusi wala uchovu. Ilikuwa na diski ya kizamani, ile yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huku kisindano kikihangaika juu yake kutafuta faili. Ni teknolojia ambayo IBM waliitoa mwaka 1956, kwenye mashine yenye sahani 50, kubwa kuliko kabati la nguo, ikibeba herufi milioni tano tu. Juu ya hapo RAM ilikuwa GB 4. Windows ikishajipakulia ya kwake, na kivinjari kikafunguliwa kurasa mbili tatu, panabaki nafasi ya kuandika jina la shule. Na RAM ikijaa, kompyuta hukopa nafasi kwenye diski. Diski yenyewe ndiyo hiyo! Maskini akimkopa maskini, deni linalala.

Kwa hiyo nilihitaji vitu viwili: diski ya SSD, ambayo haina kinachozunguka ndani, na kipande cha pili cha RAM. Nikashuka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey.

SSD ilipatikana bila maneno. RAM ndiyo iliyonipa elimu. Duka la kwanza walinitolea ya kompyuta ya mezani, ndefu kama rula, wakashangaa nikisema laptopu yangu haina mfuko wa namna hiyo. Duka la pili kijana alifungua mashine kwa bisibisi kabla sijamaliza kumsalimia, akachukua RAM ya DDR4 na kuielekeza kwenye tundu la DDR3. Sasa, hizi zimetengenezwa makusudi zisiingiliane. Ya laptopu aina ya DDR3 ina pini 204, ya DDR4 ina 260, na katikati ya pini kuna kipengo ambacho kwa kila aina kimewekwa mahali pake. Kipengo kisipokutana na kijino cha kwenye tundu, hakuna ndoa. Kijana akabonyeza kwa kidole gumba. Ikagoma. Akaigeuza. Ikagoma. Akaipuliza, akaipangusa kwenye fulana, akakusanya nguvu za mabega.

"Itaingia tu, mwalimu."

Kauli hiyo huwa naisikia kwa makonda wa Mbagala saa kumi na mbili jioni, na kule kweli huingia. Nikaanza kuomba dua kimoyomoyo. Aliyetuokoa ni mzee wa meza ya pili, aliyekuwa ameinamia simu iliyofumuliwa, akasema bila kuinua kichwa: "Dogo, hiyo mashine inakula DDR3L, volti 1.35. Acha kumuulia mwalimu wa watu." Akavuta droo, akatoa kipande, kikaingia kwa mlio mmoja mdogo: tk. Sijawahi kusikia sauti tamu kama hiyo Kariakoo.

Ikabaki mfumo wenyewe. Windows 10 ilikwisha kustaafishwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kichipu cha usalama cha TPM 2.0 pamoja na prosesa ya Intel ya kuanzia kizazi cha nane. Yangu ni ya kizazi cha nne. Kijana wa chipsi mayai alidai ana mlango wa nyuma. Nikamshukuru, nikachagua Ubuntu, mfumo wa bure ulioasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004. Faili lake ni karibu GB 6, kwa hiyo nililipakua kwa bando la usiku, macho yangu na bando vikishindana kipi kitaisha kwanza.

Flashi ya kuusakinishia nilinunua kwa machinga. Ubavuni imeandikwa GB 64, na ukiichomeka kompyuta nayo inathibitisha GB 64, kwa sababu flashi bandia hufundishwa kusema uongo hadi mbele ya mashine. Ilipokea mafaili yote kwa adabu, haikulalamika popote. Kumbe ikishajaa uwezo wake wa kweli, kinachofuata inakitupa. Nikaazima flashi ya kwaya ya kanisani kwa jirani, kwa sharti la kuzirudisha nyimbo zote kama zilivyo.

Usakinishaji ukaanza vizuri. Ulipofika zaidi ya nusu, umeme ukakatika. Betri ya laptopu ile ni pambo tu, basi tukakaa gizani mimi, mama watoto na maendeleo yangu yaliyopotea. Umeme uliporudi tukaanza upya, safari hii ikafika mwisho, na mfumo ukanikaribisha vizuri kabisa, ila hauioni Wi-Fi. Kadi yangu ya Wi-Fi ni ya Broadcom, na programu ya kuiendesha inapatikana kwenye intaneti. Yaani ili upate intaneti, kwanza upate intaneti. Tiba yake ni kuunganisha simu kwa waya wa USB na kuigawa data. Mwanangu wa darasa la sita ndiye aliyefanya hivyo, bila kuondoa macho kwenye katuni.

Tulipofunga mfuniko, skrubu moja ikabaki mezani. Tukahesabu matundu, yote yamejaa. Shemeji akapita, akaniuliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia sasa imekuwa nyepesi ajabu, inawaka sijakaa vizuri kwenye kiti. "Lazima iwe nyepesi," akasema, "si mmeitoa skrubu?"

Diski ya zamani niliitia kwenye kasha la USB nitunzie picha za harusi na yale mafaili yangu ya "CV mpya", "CV mpya kabisa" na "CV ya mwisho 2". Shemeji ameshaiazima. Mtihani nao ulichapwa kwa wakati, isipokuwa jedwali la swali la saba ambalo LibreOffice iliamua kulihamishia ukurasa wa pili.

Tangu habari zifike ofisi ya walimu, kila nikiingia nakuta laptopu nzee zimepangwa mezani kwangu. Jamani, mimi ni mwalimu wa jiografia. Nakilini mafaili yenu kwanza, ng'oeni RAM ya zamani, mwende nayo Kariakoo mkononi, na mtafuteni yule mzee wa meza ya pili.